Maji ya Kuoshea Nyama

Nyama yenyewe iliingia mtaani Kianda Jumapili mchana, imefungwa kwa gazeti, kwapani mwa Lazarus. Huyu Lazarus alikuwa mdogo wake Wanzala, kibarua wa mzee Gikonyo kule Kawangware, na desturi yake ilikuwa kufika kwa kaka yake mikono mitupu, kula, kusifu chakula na kuondoka. Kwa hiyo siku alipofika na furushi zito la nyama ya nguruwe, hakuna aliyemhoji sana. Shemeji yake Nekoye alilipokea kwa mikono miwili, akamwambia kwamba leo amekuwa mtu.

Lazarus alieleza mwenyewe, tena akicheka. Nguruwe wawili wa Gikonyo walikuwa wamegoma kula tangu Ijumaa. Walilala tu, masikio yamewaiva, wanahema. Mzee, ambaye ana ploti tatu za nyumba za kupangisha na hapendi hasara hata ya sindano, akaona awawahi kwa kisu. Nyama nyingine ikauziwa vibanda vya pale stegi ya matatu, nyingine wakagawiwa vibarua. Jambo hilo halikumshangaza mtu mle ndani. Wafugaji wa mitaa hii wote huwahi kwa kisu. Mnyama akifa mwenyewe ni mzoga wa kutupa. Akichinjwa saa moja kabla ya kufa ni kitoweo, na ukimwalika mchungaji atakuja kukibariki.

Nekoye aliiosha nyama kwenye beseni. Kabla ya kuipika alitenga kipande kizuri chenye mafuta, akakitia kwenye bakuli na kumtuma binti yake Mitchelle ampelekee jirani yao, Nalianya. Nalianya alikuwa mjane wa makamo ya bibi, mtu wa Bungoma kama wao, na Nekoye alimwita Kukhu, yaani nyanya, ingawa hawakuwa na undugu wa damu. Vyumba vyao vilitenganishwa na ukuta wa mabati tu, na vivyo hivyo mabanda yao ya nguruwe nyuma ya ploti, karibu na mtaro. Mmoja akipata, mwingine hupata. Ndivyo walivyokuwa wameishi.

Maji yaliyobaki kwenye beseni yalikuwa mekundu, na vipande vya mafuta vikielea juu. Nekoye aliyamwaga ndani ya ndoo. Ndoo hiyo ilikaa mlangoni pa ploti na kila mpangaji alitia humo maganda ya viazi, ugali uliokauka, mboga ya sukuma iliyochacha, chochote ambacho nguruwe angekula. Malipo yao yalikuja Krismasi: kila aliyetia alipata nyama, na kila mtu alijua nani alitia na nani alijifanya. Maji ya nyama ndiyo nguruwe aliyapenda kuliko vyote. Kuyamwaga mtaroni kungekuwa ujinga, na Nekoye hakuwa mjinga.

Nguruwe mwenyewe alikuwa mmoja, jike mkubwa, mwenye mimba iliyokuwa inakaribia kutua. Watoto wa ploti walimwita Madam kwa sababu ya mwendo wake. Wale watoto wa Madam, hata kabla hawajazaliwa, walikuwa wameshauzwa kichwani mwa Nekoye: Mitchelle alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi, chuo kilifunguliwa Septemba, na Wanzala, fundi wa mawe, hakuwa amepata kazi tangu mvua zianze. Hapakuwa na njia nyingine. Walikuwa wameitafuta.

Jumatano Lazarus alipiga simu, na safari hii hakucheka. Nguruwe wote wa Gikonyo walikuwa wamekufa, wakubwa kwa wadogo. Watu wa mifugo walikuwa wamekuja na mavazi meupe wakasema ni homa ya nguruwe, ile isiyomdhuru mtu, isiyo na chanjo wala dawa, na inayoenea hata kwa nyama. Gikonyo amefunga mabanda, na yeye Lazarus hana kazi. Aliuliza kama anaweza kuja kukaa kwao siku chache; wakamwambia asubiri kwanza.

Kabla jioni haijaingia, Osewe, mzee wa mtaa, alipita mlango kwa mlango kwa wote waliofuga. Daktari wa mifugo angekuja kesho. Asitoke nguruwe, asiingie nguruwe, na mtu asithubutu kuchinja. Alilisema hili la mwisho mara mbili, maana anawafahamu watu wake, naye pia ni mlaji.

Wanzala alingoja Osewe aende zake. Kisha akamuuliza mkewe, bila kumtazama, kama ile nyama waliila wao tu.

"Tuliila sisi," Nekoye akasema.

"Nguruwe hakugusa."

"Hakugusa."

"Na yale maji?"

"Nilimwaga mtaroni."

Wanzala akatikisa kichwa, akaridhika au akajifanya ameridhika. Kwa mtu na mkewe walioishi pamoja miaka mingi, tofauti ya hayo mawili ni ndogo, na mara nyingi ndiyo inayoilinda nyumba. Nekoye alikwenda bandani na tochi ya simu. Madam alikuwa amelala ubavu, anatafuna kitu kwa raha. Nekoye akamshika sikio. Halikuwa na moto, au kama lilikuwa nao, ulikuwa moto wa kawaida wa sikio la nguruwe. Hakuwahi kulishika kwa nia hiyo, basi hakuwa na cha kulinganishia.

Daktari aliitwa Nzembi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, aliyevaa gamboti na kutumbukiza miguu ndani ya beseni la dawa kila alipoingia na kutoka kwenye ploti. Alifuatana na Osewe na wanaume wawili wenye pampu za kunyunyizia. Watu walijaa kwenye kijia kutazama, kama wanavyojaa kila mahali palipo na mtu aliyevaa sare.

Kwanza alieleza. Zamani, alisema, ugonjwa ukionekana mahali, wao walichora duara kwenye ramani na kuua kila nguruwe aliyekuwamo. Waliua wengi wazima, na watu wakajifunza kuwaficha wagonjwa. Safari hii ofisi yake ilikuwa imeamua kupima hatari banda kwa banda: ugonjwa umepata nafasi kiasi gani ya kuingia hapa, na ukiwa umeingia, utaharibu kiasi gani kabla ya kuonekana. Banda lenye hatari ndogo lingeachwa na kuchunguzwa. Lenye hatari kubwa lingeondolewa nguruwe wake, hata wakiwa wanakula na kucheza.

"Hata wakiwa wazima?" mtu akauliza.

"Hata wakionekana wazima," Nzembi akasema. "Ukingoja mpaka waanguke, hapo umeshachelewa. Damu nikitoa leo inaweza kuniambia hakuna kitu, na kesho kutwa kikawa kipo."

Fidia? Fidia ilikuwa inazungumzwa. Watu wakaguna, wakijua vizuri urefu wa mazungumzo ya aina hiyo.

Kwenye ploti yao, aliyoifikia baada ya kuzunguka kwingine, alianza na Nekoye, kwa kuwa banda lake lilikuwa la kwanza. Alimuuliza kuhusu chakula. Ni maganda ya wapangaji, Nekoye akajibu. Yanachemshwa? Yanachemshwa, Nekoye akasema, na uongo huo wa kwanza ulitoka kwa wepesi uliomshangaza. Dume la kupandisha liliingia lini? Muda mrefu, kabla ya mvua. Nzembi alikuwa akibonyeza majibu kwenye simu yake, bila haraka.

"Wiki mbili hizi, kuna nyama ya nguruwe imeingia kwako? Jikoni, au kwa hii ndoo?"

Wanzala alikuwa amesimama mlangoni akitazama gamboti za daktari. Nekoye alimwona Madam kwa pembe ya jicho, tumbo limeshuka karibu na ardhi.

"Nyama tuione wapi, daktari?" akasema. "Sisi ni watu wa sukuma."

Watu wakacheka. Osewe naye akacheka. Nzembi hakucheka, lakini alibonyeza, kisha akamwambia mmoja wa wale wanaume afunge utepe wa kijani kwenye nguzo ya banda. Furaha iliyompanda Nekoye ilikuwa kubwa mno hata akaona aibu kuionyesha. Aliinama kuokota kitu ambacho hakikuwepo.

Kisha wakahamia upande wa pili wa mabati, kwa Nalianya.

Nekoye hakuwafuata. Alibaki bandani kwake, na mabati hayazuii sauti. Alimsikia Nalianya akijibu lile la chakula: maganda, hachemshi, mafuta ya taa ni ghali na kuni hakuna. Lile la dume. Halafu likaja lile la nyama, naye Nekoye akajikuta ameshika nguzo ya utepe.

"Imeingia," Nalianya akasema. "Jumapili. Nililetewa kipande, nikakiosha, maji nikawapa hawa."

Nzembi akamuuliza nyama ilitoka wapi.

"Nimesema nililetewa."

"Na nani?"

"Na mtu mwenye moyo mzuri."

"Kukhu, mtaje huyo mtu," Osewe akaingilia. "Hii si mchezo."

"Mtu ananipa kitoweo, halafu mimi nimlipe kwa kumletea serikali mlangoni?" Nalianya akasema. "Daktari, umeniuliza mambo yangu, nimekuambia mambo yangu. Ya mtu mwingine muulize mwenyewe."

Kimya kikapita. Nekoye angeweza kukijaza. Njia ya kutoka bandani kwake hadi kwa Nalianya ilikuwa fupi, hata chai isingepoa, na maneno yaliyohitajika yalikuwa machache. Alimtazama Madam. Madam alikuwa anajikuna kwenye nguzo, na utepe wa kijani ulikuwa unatikisika.

Nzembi aliposema tena, sauti yake ilikuwa ileile, lakini alikuwa amechoka. Alisema amezunguka Kianda nzima tangu asubuhi na hajapata mtu mwingine aliyekula nyama. Ni kama mtaa mzima umefunga. Anajua si kweli, ila hawezi kupiga hesabu kwa anachokihisi moyoni. Anapiga kwa alichoambiwa.

"Sisemi nguruwe wako ni wagonjwa, mama," akasema. "Nasema hivi. Nikiwaacha na nikawa nimekosea, watalipa wafugaji wote wa huku mpaka kule juu. Nikiwaondoa na nikawa nimekosea, utalipa wewe peke yako."

"Basi nilipe mimi."

"Ndiyo, mama. Pole."

"Sawa," Nalianya akasema. "Wacha niwape chakula kwanza."

Alikuwa na nguruwe watatu, na hao watatu ndio waliokuwa kodi ya nyumba yake. Waliuliwa mchana uleule, ndani ya banda, kwa chombo kilichotoa mlio mdogo usiolingana na kazi yake. Lori halikuweza kuingia vijiani, kwa hiyo mizoga ilipakiwa kwenye mkokoteni, ikafunikwa turubai, ikasukumwa hadi kwenye barabara ya lami ya Olympic, lori lilikokuwa likingoja. Nalianya alitembea nyuma ya mkokoteni kama anayesindikiza maiti. Vijana waliwapiga picha kwa simu. Muuza viazi karai alifunika karai lake kwa sinia hadi walipopita, na mama mmoja, ambaye wiki iliyotangulia alikuwa amekopa chumvi kwa Nalianya, alimvuta mtoto wake ndani na kufunga mlango.

Nekoye alitembea naye, amemshika mkono. Nalianya aliuacha mkono wake ushikwe. Hakusema kitu kuhusu nyama, si kwenda wala kurudi. Nekoye angependelea kutukanwa.

Mitchelle aliongea jioni, baba yake akiwa nje.

"Mathe, si ni mimi nilipeleka hiyo bakuli kwa Kukhu?"

"Sasa?"

"Sasa mbona ni yeye pekee amelipishwa? Si tungesema tu ukweli?"

"Tungesema, halafu?" Nekoye akasema. Alikuwa anaosha sufuria iliyokwisha kuwa safi. "Wangechukua wake na wangechukua wetu. Wake wangerudi kwa sababu mimi nimesema? Hiyo nguruwe ni chuo yako, Mitchelle. Usinitazame hivyo. Ni chuo yako hiyo."

Mitchelle hakumtazama tena hivyo. Hakumtazama kabisa kwa siku kadhaa, na aliposaidia kazi alisaidia kama mgeni, akiuliza kila kitu kinawekwa wapi.

Yaliyofuata yalikuwa majuma ya kushika sikio. Nekoye alilishika kila alfajiri kabla ya kuwasha jiko, na kila jioni baada ya kulizima. Alichemsha makombo yote kwa mara ya kwanza maishani mwake, akimaliza makaa ya kupikia watu, na Wanzala aliyala maharagwe magumu bila kuuliza. Usiku alisikiliza. Madam akikohoa, Nekoye aliketi kitandani. Alikuwa amemwambia daktari uongo kumwokoa nguruwe huyu, na sasa alijua vizuri alichokuwa amekiokoa: labda mnyama mzima, labda ugonjwa wenye miguu minne uliofungwa utepe wa kijani. Angeanguka Madam, wangeanguka wote, mpaka kule juu. Mabanda yote yaliyojibu 'hapana' yalikuwa yakilala karibu naye. Alijaribu kuomba, lakini hakujua aombe vipi jambo lile bila kulitaja, akaacha.

Madam hakuanguka. Alizaa asubuhi moja yenye manyunyu, watoto wengi wanene, wakapanga mstari tumboni kwake wakasukumana. Wapangaji walikuja kuwatazama. Nalianya naye alikuja, akasimama nje ya banda kwa kuwa daktari alikuwa amemwambia asikanyage banda la mtu, akasema ni wazuri. Wote waliona kwamba alimaanisha.

Nzembi alirudi mwezi uliofuata. Kianda ilikuwa imepona. Hakuna banda lingine lililougua, wala chini wala juu. Aliwaambia hivyo wafugaji waliokusanyika mbele ya nyumba ya Osewe, wakapiga makofi. Kisha akamwendea Nalianya, aliyekuwa amekaa kwenye mtungi wa maji uliogeuzwa, akachuchumaa ili wawe sawa kwa urefu. Nekoye alikuwa amekaa jirani, hakuweza kuhama bila kuonekana.

Alimwambia kwamba siku ile walichukua sampuli kwenye mizoga, na majibu yalikuwa yametoka. Wale nguruwe watatu hawakuwa na ugonjwa. Hata mmoja.

Nalianya akamtazama. "Kwa hivyo walikufa bure."

Nzembi hakukataa haraka, na hakukubali. Alisema kesho akiletewa majibu yaleyale kwa maswali yaleyale angefanya vilevile, na keshokutwa pia. Alisema hesabu haikukosea. Ilikuwa hesabu ya hatari, na hatari si ugonjwa. Alisema hilo halimsaidii yeye Nalianya kwa chochote, na hilo pia analijua. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya fidia.

"Ya fidia inayozungumzwa," Nalianya akasema.

"Ndiyo. Hiyo."

Nalianya akaanza kucheka, kicheko kidogo kikavu, na daktari naye akatabasamu kwa uchungu. Kisha Nzembi akainuka, akawageukia wengine, akawaambia kwamba mtaa huu umeokolewa na watu waliojibu kwa ukweli, na wafugaji wakapiga makofi tena. Nekoye alipiga nao. Mikono yake ilijua kupiga makofi hata kama yeye mwenyewe hakutaka.

Jioni hiyo alimfuata Nalianya mlangoni kwake. Alikuwa amejipanga. Alimwambia kwamba watoto wa Madam wakiachishwa, wawili ni wake, majike, achague mwenyewe. Alisema haraka, akitazama kizingiti.

"Daktari aliniambia banda likae tupu mpaka mvua za mwisho wa mwaka," Nalianya akajibu. "Litakaa tupu."

"Nitakulishia kwangu mpaka hapo, Kukhu."

"Hapana. Hao ni chuo cha Mitchelle."

Alilisema bila ukali wowote. Nekoye akasimama pale, akijua sasa kwamba mabati hayazuii sauti kwa upande wowote, na kwamba Nalianya alikuwa amesikia yote, lile la watu wa sukuma na lile la jioni na sufuria. Alifungua mdomo. Nalianya akamwambia aende, maziwa yake yanachemka jikoni, ananusa kutoka hapa.

Watoto waliuzwa wote. Septemba Mitchelle alikwenda chuoni na sanduku la kuazima. Aliagana na Nalianya kabla ya kuagana na mama yake, na alikaa huko ndani muda mrefu.

Siku iliyofuata, asubuhi, Nekoye alikuwa anakusanya makombo ya ploti alipomwona Nalianya akija na kikopo cha rangi kilichofunikwa sahani. Miaka yote Nalianya hakuwahi kutia kitu kwenye ndoo ile. Alikuwa na nguruwe wake wa kulisha. Sasa alikuwa mpangaji kama wapangaji wengine, mwenye maganda na asiye na wa kumpa. Alifunua kikopo. Mvuke ukatoka.

"Ni maganda tu, hakuna nyama," akasema. "Na nimeyachemsha."

Akayamimina polepole ndani ya ndoo, akakung'uta kikopo ukingoni mpaka yakatoka yote.

"Krismasi usinisahau," akasema, akarudi kwake.